Daftari la ukoo na watu 247 wasioandikwa

Kama ukoo wenu una grupu la WhatsApp, nina hakika umo, na nina hakika sauti umeizima. Unalifungua kukiwa na msiba, halafu Desemba ikikaribia na mchango wa kikao cha ukoo umeanza kudaiwa. La kwetu ni hivyo hivyo. Ila mwaka jana baba mkubwa alituma picha ya daftari lake: fulani mwana wa fulani mwana wa fulani, vizazi saba ukimhesabu na baba yangu. Watu wakapiga makofi ya emoji. Mimi wiki hiyo nilikuwa naandaa semina ya jenetiki, nikaanza kuhesabu.

Hesabu yenyewe nyepesi. Wazazi ni 2, babu na bibi 4, wazazi wao 8, halafu 16, 32, 64, na kizazi cha saba ni 128. Jumla nafasi 254. Baadhi zinaweza kushikwa na mtu yuleyule aliyeingia kwa njia mbili, maana watu wa eneo moja huoana, lakini nafasi ni hizo. Daftari letu limejaza 7.

Si kwamba daftari linadanganya. Limefuata baba kwa baba, njia ileile inayopita kromosomu Y, na kwa kugawa shamba au kujua nani haoani na nani linatosha kabisa. Tatizo ni kwamba sehemu kubwa ya vinasaba vyako haikupita njia hiyo. Chukua selimundu.

Hemoglobini ndiyo protini inayobeba oksijeni kwenye damu. Maelekezo ya kutengeneza sehemu yake moja yako kwenye kromosomu namba 11, na kila mtu ana nakala mbili, moja ya mama na moja ya baba. Herufi moja tu ikibadilika pale, inapatikana hemoglobini S. Mwenye nakala moja ya S huitwa AS. Yeye ni mbebaji, na kwa kawaida haumwi. Mwenye S mbili, yaani SS, chembe zake nyekundu zikipungukiwa oksijeni hujikunja kama mundu na kuziba mishipa midogo, na hapo ndipo maumivu yanapoanza. Mwaka 1949 James Neel, huko Marekani, alionyesha kwamba wazazi wa mtoto mgonjwa wote wawili ni wabebaji. Wazazi wa namna hiyo wana uwezekano wa robo kupata mtoto wa SS, na robo hiyo inahesabiwa upya kwa kila mimba. Kuwa na mtoto mmoja mgonjwa hakuwapi kinga watatu wanaofuata.

Mbebaji akioa au kuolewa na asiye mbebaji, hakuna mtoto wa SS. S inapita kimya, kizazi baada ya kizazi, hadi ikutane na mwenzake. Na kwetu kukutana si ajabu. Mwaka 1954 Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alichapisha ushahidi kwamba AS humkinga mtoto dhidi ya malaria kali. Ndiyo maana wabebaji ni wengi kuzunguka Ziwa Victoria na pwani, na wachache milimani kwenye baridi. Sisi ni watu wa ziwani, upande wa Mara.

Sasa hapa ndipo mambo ya familia yanapoingia. Mtoto wa SS huzaliwa mzima. Anatoka na hemoglobini ya tumboni, ambayo haina shida hii, nayo inapungua pole pole. Dalili kwa kawaida huanza akikaribia au kupita miezi sita: vidole vya mikono na miguu kuvimba, macho kuwa ya njano, damu kupungua. Fikiria basi: mtoto kazaliwa mjini, mnono, Desemba akapelekwa kijijini kuonwa na bibi zake, aliporudi tu akaanza kuvimba. Unadhani atalaumiwa nani?

Kwetu alilaumiwa mke. Babu yangu mdogo alioa, mkewe akazika watoto watatu, wote chini ya miaka mitano. Ikasemwa kaja na mkosi wa kwao, akarudishwa. Babu akaoa mwingine. Miaka miwili iliyopita kitukuu wa babu huyohuyo, kwa mke wa pili, alipimwa akakutwa na SS. Baba yake ni AS. S hiyo inaweza kuwa imetoka kwa babu mdogo, au kwa mke wake wa pili, na daftari haliwezi kutusaidia kwa sababu wake hawamo, na watoto waliokufa hawamo. Lakini kama wale watatu walikuwa na SS, basi kila mmoja alipata S moja kutoka kwa baba yake. Mkosi, kama ni lazima tuuite hivyo, ulikuwa umeshafika nyumbani kabla ya bibi harusi.

Kwa hiyo mkikutana tena, chukueni karatasi kubwa. Mchoro wanaotumia madaktari ni rahisi: mwanamume mraba, mwanamke duara, mstari kati yao ni ndoa, watoto wananing'inia chini. Aliyefariki anakatwa kwa mstari wa mshazari. Anayeumwa anajazwa wino, mbebaji anajazwa nusu. Waulizeni shangazi na bibi kuliko wazee wa kikao, maana wao ndio waliouguza. Usiulize "alikufa kwa ugonjwa gani", utajibiwa homa. Uliza alikuwa na umri gani, na alikuwa anaumwa vipi.

Mchoro peke yake hautibu wala haupimi. Kipimo ni cha damu, na omba kile kinachotenganisha hemoglobini, elektroforesisi, kwa sababu kile cha haraka kinaweza kusoma "ipo" kwa AS na SS bila kuwatofautisha. Mtoto akijulikana mapema, penisilini, chanjo na haidroksiyurea vinabadilisha maisha yake kweli.

Na tafadhali, majibu ya mtu yasiende kwenye grupu. Kuna binti amechumbiwa mle. Kuna pia siri za nani baba wa nani ambazo kipimo cha damu kinaweza kuzifumua bila kuombwa. Kwetu tumekubaliana majina yaende kwa wote, ila wino wa ugonjwa ukae kwa watu wawili tu.

Baba mkubwa mwanzoni hakupenda, akasema tunachanganya koo. Shangazi ndiye aliyeomba kalamu. Alilijua jina la yule mke wa kwanza, ambaye sisi tumekua tukisikia akiitwa "yule aliyeondoka". Chini ya duara lake tumechora watatu, wote wamekatwa mstari. Wawili wana majina. La wa tatu hatujalipata, ila kuna bibi mmoja Ukerewe inasemekana alikuwepo kwenye mazishi, na ndiye nitakayempigia kabla ya Desemba hii.