ARAP NANI? NAMNA YA KUANZA KUUTAFUTA UKOO WAKO

Mwacha mila ni mtumwa, walinena wahenga. Lakini ewe msomaji mwenzangu, utaishikaje asili usiyoijua? Likizo ya Agosti mjomba aliniuliza jina la baba yake babu. Nikabaki kukodoa macho tu. Babu, aliyelijua, tulikuwa tumemzika miezi mitatu kabla. Ndiposa naandika, usije ukachelewa kama mimi.

Kwanza, anza na jina. Kwetu Wakalenjin "arap" ni "mwana wa". Rais wa pili wa Kenya, Daniel arap Moi, alikuwa mwana wa Kimoi arap Chebii. Tazama, majina ya watu wawili yametupa vizazi vitatu! Zamani jina la arap lilibadilika kila kizazi. Siku hizi limeganda kwenye vitambulisho: baba, mwana na mjukuu wote ni Koech. Kwa hivyo usidhani kila Koech ni wa kwenu. Watu wa Wales, kule Uingereza, wana kisa kama chetu. Wao walisema "ap". Ap Rhys akageuka Price, ap Hywel akawa Powell. Nao wakitafuta mababu zao hukwama papo hapo jina lilipoganda.

Pili, uliza ukoo, yaani oret, na alama yake: simba, nyuki, au hata jua. Jina la mtu hubadilika, ukoo haubadiliki. Usisahau ukoo alikozaliwa nyanya, maana nusu ya hadithi iko huko.

Tatu, uliza rika. Mzee anaweza kusema, "Mwaka siujui," lakini rika lake analijua barabara. Kwa Wakeiyo marika ni manane: Maina, Chumo, Sawe, Korongoro, Kipkoimet, Kaplelach, Kimnyige na Nyongi. Wanandi hawana Korongoro. Kila rika huchukua takribani miaka 15, kisha majina yanarudi tena baada ya miaka mia hivi. Hapo chunga sana! Maina wa leo si Maina wa baba wa babu yako. Uliza pia baba yake mzee alikuwa rika gani, ndipo uweze kuyapanga.

Nne, tafuta karatasi. Kuna kadi za ubatizo, hati za shamba, pengine hata kipande kikuukuu walichovishwa shingoni wanaume wa enzi za ukoloni. Masetla kutoka Afrika Kusini walifika uwanda huu wa Uasin Gishu mwaka 1908, na wazee wengi walifanya kazi katika mashamba yao. Uliza shamba la nani, mwaka gani. Ukishapata hayo, Jumba la Nyaraka za Taifa, lililoanzishwa mwaka 1965, liko Nairobi.

Lakini jamani, usianzie Nairobi. Karatasi itakungoja, mzee hatakungoja. Likizo ikifunguliwa, chukua daftari, mchotee nyanya maji, mpikie chai, kisha keti karibu naye umwulize: "Nyanya, babu alikuwa arap nani?" Halafu nyamaza, uandike.