Glaida, Ndege Ndogo na Lugha ya Kuonana Angani

Glaida ni ndege nyepesi ambayo kwa kawaida haina injini. Ikishavutwa hadi angani, hupanda kwa kuzunguka ndani ya hewa ya joto inayoinuka kutoka ardhini. Kwa kuwa hewa hiyo hupatikana mahali pachache, glaida kadhaa huweza kuzunguka pamoja kwa karibu sana. Je, marubani wake huepukaje kugongana?

Kanuni ya kwanza ni kuona na kuepa. Hata hivyo, jicho lina mipaka yake. Glaida mbili zinazoelekeana, kila moja ikienda kilomita 150 kwa saa, humaliza kilomita moja iliyo kati yao kwa sekunde 12 tu. Aidha, ndege inayokuja kukugonga kwa njia iliyonyooka huonekana kama imesimama mahali pamoja kiooni. Jicho huvutwa na kitu kinachosogea, hivyo ni rahisi kutoiona.

Ndege za abiria hutumia transponda, yaani redio inayojibu maswali ya rada kwa kutaja namba ya ndege na kimo chake. Ndege kubwa pia huwa na mtambo unaoziuliza transponda za ndege nyingine. Isiyojibu haionekani kwa mtambo huo. Tarehe 28 Agosti 2006, huko Nevada, Marekani, ndege ya jeti aina ya Hawker 800XP iligongana na glaida kwenye kimo cha futi 16,000 hivi. Glaida ilikuwa na transponda, lakini rubani alikuwa ameizima ili kuokoa betri. Aliruka kwa parachuti, nayo jeti ikatua bila magurudumu. Wote walinusurika.

Mwaka 2004 kilianza kutumika kifaa cha FLARM, kilichobuniwa Uswisi kwa ajili ya glaida. Kifaa hiki hutumia umeme kidogo. Kila sekunde hutangaza mahali glaida ilipo na njia inayotarajiwa kufuata, na hupokea matangazo ya wenzake. Kisha hukokotoa, na humwonya rubani pale tu njia hizo zinapoelekea kukutana. Kama kingelia kila glaida nyingine inapokaribia, marubani wangeacha kukisikiliza.

Ikumbukwe kwamba mifumo hii miwili hutumia lugha tofauti. Matangazo ya FLARM hayaeleweki kwa mtambo wa ndege kubwa. Baadhi ya FLARM za baadaye hupokea pia mawimbi ya transponda, lakini kupokea siko kuonekana: rubani wa glaida ataiona jeti, ilhali jeti haitamwona. Sisi walimu na wanafunzi wa lugha twalijua jambo hili: anayeelewa lugha ya mwenzake bila kuizungumza hawezi kumwonya. Kwa hiyo rubani hana budi kujua ni nani anayemsikia, kuacha vifaa vyake vikiwaka, na kuendelea kutazama nje.