Mtoto Akiumwa na Kichwa: Kinachofanyika Katika Idara ya Dharura

Mzazi anayefika hospitalini usiku na mtoto anayelia kichwa mara nyingi hukerwa na mambo mawili: aliyekuja nyuma yake anaingizwa kwanza, na daktari anamaliza kumpima mwanawe bila kuagiza picha ya kichwa. Yote mawili yana sababu.

Foleni ya dharura haifuati saa ya kufika. Muuguzi hutanguliza mtoto mwenye degedege, asiyeamka vizuri au anayepumua kwa shida. Kwa maumivu ya kichwa, hutazama pia shingo iliyokakamaa, kuona vitu viwili viwili, kuyumba akitembea, na kutapika mara kwa mara baada ya kugonga kichwa. Maumivu yanayomwamsha mtoto alfajiri na kumtapisha, siku baada ya siku, nayo yasisubiri kliniki ya wiki ijayo.

Kwa watoto wengi chanzo ni maambukizi ya kawaida kama mafua, na palipo na malaria damu hupimwa. Anayeshukiwa kuwa na homa ya uti wa mgongo hutolewa maji kidogo mgongoni kwa sindano. Hapa ndipo baadhi ya wazazi hukataa, wakihofia mtoto atapooza. Sindano hiyo huingizwa chini ya mahali uti wenyewe unapoishia, na maji hayo ndiyo yanayoonyesha kama kuna ugonjwa na ni dawa gani itakayoufaa. Ugonjwa huu ukicheleweshwa unaweza kumwacha mtoto kiziwi, au kumuua.

Picha ya CT hutumia mionzi, kwa hiyo huagizwa pale dalili zinapoashiria jeraha, uvimbe au damu kuvuja ndani ya kichwa. Kipandauso, ambacho huwapata watoto pia, hakionekani kwenye picha. Mtoto hupauka, hutapika, hutaka kulala gizani. Hupewa dawa ya maumivu mapema, maji ya kunywa na mahali patulivu.

Dawa hupimwa kwa uzito. Paracetamol ni miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo, si zaidi ya mara 4 kwa saa 24, na kila dozi ikipishana na nyingine kwa angalau saa 6. Mtoto wa kilo 20 hutoshwa na nusu ya tembe ya miligramu 500. Baadhi ya tembe za kichwa zinazouzwa dukani mojamoja zina aspirini, ambayo haifai kwa aliye chini ya miaka 16 bila agizo la daktari: inaweza kudhuru ini na ubongo.

Anayekwenda hospitalini abebe kijitabu cha kliniki na pakiti ya dawa iliyotumika, akikumbuka saa aliyoitoa. Kama ni dawa ya miti shamba, aseme pia. Muuguzi haulizi ili agombe. Anataka kujua dozi inayofuata itolewe lini.