Mwanasheria wa Kaunti: Kazi ya Kumkatalia Aliyekuteua

Tarehe 25 Februari 2020, aliyekuwa Gavana wa Nairobi, Mike Sonko, alitia sahihi, katika Ikulu, hati ya kukabidhi Serikali Kuu majukumu manne ya kaunti yake: afya, uchukuzi, ujenzi na huduma za umma, pamoja na mipango ya jiji. Tangu ugatuzi uanze mwaka 2013, hakuna gavana aliyekuwa amewahi kutia sahihi karatasi nzito kama hiyo. Muda si muda Sonko akaikana hadharani. Juni mwaka huohuo Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi ikasema Shirika la Huduma za Jiji la Nairobi, lililokabidhiwa kazi hizo chini ya Meja Jenerali Mohammed Badi, halikuundwa kwa kufuata sheria, na ikatoa siku 90 mambo yanyooshwe. Kufikia Desemba gavana mwenyewe alikuwa ameng'olewa madarakani.

Siasa za sakata hilo ziliandikwa mno. Swali lililopita kimyakimya ni jingine: katika serikali ya kaunti, ni nani anayelipwa kumwambia gavana, "Mheshimiwa, usitie sahihi bado"?

Jibu la kisheria lilikuja mwaka huohuo, katika Sheria ya Afisi ya Mwanasheria wa Kaunti, Nambari 14 ya 2020. Sheria hiyo inamfanya mwanasheria wa kaunti kuwa mshauri mkuu wa serikali ya kaunti katika mambo ya sheria. Anahudhuria vikao vya kamati kuu ya gavana, anaiwakilisha kaunti mahakamani katika kesi zote isipokuwa za jinai, na mikataba hupitia mezani kwake kabla ya kufungwa. Anateuliwa na gavana, kisha bunge la kaunti linampiga msasa na kumwidhinisha au kumkataa. Sifa kuu anayotakiwa kuwa nayo ni kuwa wakili wa Mahakama Kuu kwa muda usiopungua miaka mitano, na kutimiza masharti ya Sura ya Sita ya Katiba kuhusu uadilifu.

Miaka mitano! Jaji wa Mahakama Kuu anatakiwa awe na tajriba ya miaka kumi, na Mwanasheria Mkuu wa Serikali anapimwa kwa kigezo kilekile cha Jaji Mkuu, yaani miaka kumi na mitano. Lakini jiji kama Nairobi au Mombasa, lenye migogoro ya ardhi ya tangu enzi za ukoloni, linaweza kumkabidhi kesi zake zote wakili ambaye juzi tu alikuwa akibeba majalada ya mwajiri wake. Sisemi vijana hawawezi. Nasema sheria imeweka kizingiti chini sana, kwa hiyo kazi yote ya kuchuja imeachiwa gavana na madiwani.

Gharama ya kukosea uteuzi huu inalipwa na mwananchi. Mwaka 2014 Mahakama Kuu iliibatilisha Sheria ya Fedha ya Kiambu ya 2013, kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo ilipotungwa. Ada na tozo zilizokuwa zimepangwa zikaanguka. Katiba haikuficha sharti la kuwashirikisha wananchi. Mshauri wa sheria mwenye kauli angesimama kabla mswada haujafika kwa gavana na kuuliza: mikutano ilifanyika wapi, tangazo lilitolewa siku ngapi kabla, nani alikuja, maoni yao yako wapi? Ni maswali ya karani tu, lakini asipoyauliza mtu wa ndani, atakuja kuyauliza jaji.

Wahenga walituonya kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hawakutuambia mkuu asiyesikia la mwanasheria wake huvunjika nini. Mahakama zetu zimekuwa zikitoa jibu tangu 2013.

Halafu kuna ada za mawakili wa nje. Hapa ndipo pesa zinapovuja, na ndipo ninapotaka tukae kidogo. Nchini Kenya ada ya wakili katika kesi nyingi za Mahakama Kuu hupimwa kwa thamani ya kinachobishaniwa. Kesi ya shamba la mabilioni huzaa ada ya mamilioni mengi, hata kama wakili alisimama mbele ya jaji mara chache. Kaunti isipokubaliana na wakili kuhusu malipo tangu mwanzo, wakili huwasilisha hesabu yake mahakamani, msajili anaikadiria, na deni linakuwa amri ya mahakama. Sheria hairuhusu madalali wakamate magari au majengo ya kaunti. Anayedai hurudi mahakamani kuomba amri ya kumlazimisha mkuu wa fedha wa kaunti alipe, na asipolipa anashtakiwa kwa kudharau mahakama. Ndiyo maana tunasikia maafisa wa fedha wakitishiwa jela kwa madeni waliyoyakuta afisini. Ripoti za Mkaguzi Mkuu zimetaja madeni ya mawakili ya Kaunti ya Nairobi mwaka baada ya mwaka, na ni ya mabilioni ya shilingi.

Sheria ya 2020 iliweka kufuli hapo. Idara ya kaunti hairuhusiwi kuajiri wakili wa nje kwa kazi zilizo za afisi hii bila idhini ya mwanasheria wa kaunti. Kufuli ni nzuri, lakini ufunguo uko mfukoni mwa mtu mmoja. Ikiwa mtu huyo alitoka katika kampuni ya mawakili inayoidai kaunti, au marafiki zake wa chuoni ndio wanaosubiri kazi hizo, tutakuwa tumemkabidhi fisi zizi la kondoo.

Kwa hiyo msasa ungepaswa kuuma. Karani wa bunge hutoa tangazo gazetini lenye jina la aliyependekezwa, siku ya mahojiano, na mwaliko kwa wananchi wenye pingamizi kuwasilisha hati za kiapo. Mteuliwa anafika na bahasha nene: cheti cha tabia njema kutoka kwa wapelelezi wa jinai, barua za tume ya maadili, mamlaka ya ushuru, bodi ya mikopo ya elimu ya juu na shirika la kukagua mikopo, na barua ya chama cha mawakili. Mara nyingi kamati hutumia muda mrefu kuhakiki makaratasi hayo kuliko kumhoji mtu. Ataulizwa ana mali kiasi gani, atauelezaje ugatuzi, ana maono gani. Atajibu vizuri; wakili asiyejua kujibu maswali ya namna hiyo hajazaliwa. Kisha atapitishwa, hasa chama cha gavana kikiwa na wingi wa madiwani.

Linganisha na kilichotokea New York mwaka 2024. Jiji hilo lina mwanasheria mkuu wake, anayeongoza idara yenye mamia ya mawakili, na hulipa zaidi ya dola bilioni 1 kwa mwaka katika hukumu na maridhiano. Kwa miaka mingi meya alimteua peke yake. Novemba 2019 wapigakura waliibadilisha katiba ya jiji, wakataka uteuzi uidhinishwe pia na baraza la madiwani. Hoja yao ilikuwa rahisi: afisi hiyo inamtetea meya, lakini pia inalitetea baraza na idara zote. Mteja wake ni jiji.

Mwaka 2024 Sylvia Hinds-Radix, aliyewahi kuwa jaji wa rufaa, aliiacha kazi hiyo, huku vyombo vya habari vikiripoti kutoelewana kwake na utawala wa Meya Eric Adams. Meya akampendekeza Randy Mastro, wakili mashuhuri aliyewahi kuwa mwendesha mashtaka wa serikali ya shirikisho na naibu wa Meya Rudy Giuliani miaka ya 1990. Kwa wasifu hakuwa na doa. Angetimiza masharti ya tangazo lolote la kazi. Lakini kikao cha kumpiga msasa, mwishoni mwa Agosti, kilichukua saa nyingi. Madiwani walitaka kujua kuhusu wateja wake wa zamani: jimbo jirani la New Jersey lililopinga mpango wa kuwatoza wenye magari wanaoingia katikati ya Manhattan, na wakazi waliopinga watu wasio na makao kupewa hifadhi katika hoteli ya mtaani kwao. Zaidi ya yote, walitaka kujua atasimama upande gani baraza na meya wakizozana. Halikuwa swali la kubuni, maana mwaka huohuo baraza lilikuwa limeingia katika kesi dhidi ya utawala wa meya kuhusu misaada ya kodi ya nyumba.

Ilipoonekana kura hazitatosha, Mastro aliliondoa jina lake Septemba. Wiki chache baadaye, tarehe 26 mwezi huohuo, Meya Adams akafunguliwa mashtaka ya ufisadi katika mahakama ya shirikisho, mashtaka yaliyokuja kufutwa Aprili 2025. Kazi ya mwanasheria wa jiji ilikwenda kwa Muriel Goode-Trufant, aliyeingia katika idara hiyo mwaka 1991 na kuidhinishwa na baraza Desemba 2024. Naye Mastro hakukosa kazi. Mwaka uliofuata meya alimfanya naibu wake wa kwanza, wadhifa usiohitaji kura ya diwani yeyote.

Nimeieleza kwa urefu kwa sababu inaonyesha msasa unaofanya kazi. Baraza halikusema mtu huyu hajui sheria. Lilisema halikuridhika kwamba angekuwa mwanasheria wa jiji zima. Hicho ndicho kipimo ambacho fomu zetu hazina.

Waingereza, ambao wadhifa wa karani wa mji wa enzi za ukoloni tuliurithi kwao, walipita njia nyingine. Sheria yao ya serikali za mitaa ya 1989 inalitaka kila baraza liwe na afisa wa kusimamia uhalali, ambaye kwa kawaida ni mwanasheria wake mkuu. Akiona baraza linakaribia kuvunja sheria, lazima aandike ripoti. Baraza linalazimika kuijadili ndani ya siku 21, na jambo lenyewe linasimama hadi ijadiliwe. Kumfukuza kunahitaji kura ya baraza zima baada ya maoni ya watu huru walio nje ya siasa za baraza. Kwa maneno mengine, hawakutegemea ushujaa wa mtu. Walimpa kalamu na ukuta wa kuegemea.

Tanzania nako mambo ni tofauti kabisa. Afisa sheria wa halmashauri ni mtumishi wa umma anayepatikana kwa usaili wa Sekretarieti ya Ajira, meya hana usemi katika kumpata, na tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2020 anayeishtaki halmashauri hana budi kumuunganisha Mwanasheria Mkuu wa Serikali katika kesi. Hapo afisa anaepuka hasira za meya, lakini macho yake yanaelekea makao makuu kuliko kwa wakazi wa mji anaoutumikia.

Turudi kwetu. Sheria ya Kenya inampa mwanasheria wa kaunti kiti ndani ya chumba cha gavana, lakini haikumpa ukuta kama wa Waingereza. Basi kinachobaki ni mtu mwenyewe na maswali atakayoulizwa kabla hajaingia. Kama ningekuwa diwani katika kamati hiyo, ningeiweka bahasha ya vyeti pembeni na kuuliza haya. Ni mteja gani mkubwa uliyewahi kumkataza jambo, na ilikuwaje? Je, wewe au kampuni uliyotoka mnaidai kaunti hii pesa, au mmewahi kuishtaki? Ni kesi ngapi ulizosuluhisha nje ya mahakama, na ngapi ulizoendelea nazo ukijua utashindwa? Gavana akikuagiza utetee jambo alilolifanya kwa manufaa yake binafsi, utaiandikaje barua ya kukataa, na nakala utampelekea nani? Ningemtaka aiandike barua hiyo papo hapo, mbele ya kamati. Mtu anaweza kuongea vizuri kwa saa nzima. Aya mbili za maandishi zitamfichua.

Mshahara nao usisahauliwe. Wakili hodari wa kesi za biashara mjini hatakuja kaunti kwa malipo yanayopangwa na Tume ya Mishahara na Marupurupu isipokuwa ana wito, au amechoka, au ana hesabu nyingine. Kazi ya kamati ni kujua ni lipi kati ya hayo matatu.

Uchaguzi Mkuu ni Agosti 2027. Magavana watakaoingia wataunda serikali zao katika miezi michache, na huenda majina ya wanasheria wa kaunti yakapelekwa mabungeni pamoja na ya mawaziri, katika kipindi ambacho kila mtu anatazama nani kapata fedha na nani kapata afya. Tangazo la karani litakuwa dogo, pengine kwenye ukurasa wa nyuma, likitoa siku chache tu za kuwasilisha hati za kiapo. Ewe msomaji, kama unamjua mteuliwa na unajua aliwahi kuhujumu mteja, au kama una ushahidi kwamba anaidai kaunti yako, usiseme tu mtaani. Nenda kwa kamishna wa viapo, uandike hati ya kiapo, uipeleke kwa karani wa bunge kabla muda haujakwisha, na udai nakala iliyopigwa mhuri wa kupokelewa.