Benzi kuukuu na tamaa ya gesi

Kila Jumapili asubuhi, kabla ya kwenda kanisani, mjomba wangu anayeishi mtaa wa Buruburu, Nairobi, hutoka nje na ndoo ya maji na kitambaa laini akaanza kuliosha gari lake. Huliosha polepole, kutoka paa hadi magurudumu, mfano wa mama anayemwogesha mtoto mchanga. Gari lenyewe ni Mercedes-Benz 230E la mwaka 1989, rangi ya maziwa, na alilinunua mwaka 2009 kutoka kwa afisa mmoja aliyekuwa akistaafu.

Wewe msomaji uliyezaliwa juzi huenda hujui kwamba baada ya uhuru gari hili lilizaa kabila jipya katika Afrika Mashariki. Wakubwa wa serikali na matajiri waliitwa Wabenzi, na mtoto aliyeona nyota ile ya pembe tatu ikipita barabarani alisimama kando na kuikodolea macho. Mjomba alikuwa miongoni mwa watoto hao. Alipopata nafasi ya kuinunua nyota yenyewe kwa bei ya Toyota ndogo iliyotumika, hakuuliza maswali mengi.

Hapo ndipo wengi hunaswa. Bei ya gari la kifahari huzeeka, lakini bei ya spea zake haizeeki. Utalinunua kwa bei ya kutupa, kisha uende Barabara ya Kirinyaga kutafuta pampu ya petroli au mpira wa kushikilia injini, utajiwe bei iliyowekewa yule tajiri wa kwanza. Ukichagua spea ya bei nafuu isiyojulikana itokako, utairudia baada ya miezi michache. Ndiyo maana Benzi nyingi za miaka hiyo zimelala nyuma ya nyumba zikiota nyasi.

Mjomba alivumilia hayo yote mpaka mwezi Oktoba 2023, petroli ilipofika Sh217.36 kwa lita jijini Nairobi. Mwezi huo mkewe alimwekea daftari la matumizi ya nyumba mezani, akamwambia maneno ambayo mjomba mwenyewe alinisimulia huku ameinamisha kichwa: "Baba, karo ya mtoto wa kidato cha tatu imo ndani ya tangi la gari lako. Amua ni nani atabaki hapa nyumbani."

Basi mjomba akaja na dawa yake. Alikuwa amesikia kwamba gari la petroli linaweza kutiwa mtambo wa gesi, gesi ile ile ya kupikia, na kwamba madereva fulani wa teksi walikuwa wakiicheka bei ya petroli. Isitoshe, mwaka uo huo serikali ilikuwa imeondoa kodi ya VAT kwenye gesi ya kupikia, ilhali ya petroli ilipandishwa kutoka asilimia 8 hadi 16. Akanipigia simu: "Mpwa wangu, wewe wa magazeti unajua watu. Nipeleke kwa fundi wa gesi."

Nilimpeleka kwa fundi mmoja mzee katika Eneo la Viwanda, mtu aliyezitengeneza Benzi tangu zilipokuwa mpya. Tulitarajia atoe bei. Badala yake aliwasha injini iliyokuwa imepoa, akashika paipu ya juu ya rejeta na kungoja. Baada ya dakika chache akatikisa kichwa.

"Mzee, ni nani aliyeng'oa thamostati?"

Mjomba alikumbuka vizuri. Miaka kadhaa iliyopita gari lilichemka likiwa safarini kwenda Kakamega, na fundi wa kando ya barabara akaling'oa "lile dude linalozuia maji". Gari halikuchemka tena na mjomba alimshukuru kwa chai nzito.

Thamostati ni kijilango kidogo kinachozuia maji ya injini yasiende kwenye rejeta mpaka yapate joto la kutosha, kiasi cha nyuzi 85 hivi. Injini ikiwa nzima, paipu ile ya juu hukaa baridi kwa muda, kisha ghafla ikawa moto. Ya mjomba ilianza kupata uvuguvugu tangu mwanzo, ishara kwamba maji yalikuwa yakizunguka ovyo. Katika Benzi za aina hii mtambo wa kunyunyiza petroli husoma joto la injini. Ikiwa baridi, huongeza petroli ili iwake vizuri. Sasa injini isiyopata joto kamwe, kila siku ni asubuhi kwake! Hunywa petroli ya kuamkia kutwa nzima, na petroli ya ziada huosha oili iliyo kwenye kuta za silinda, vyuma vikasagana. Kisa cha kuchemka kule njiani, waama, kilikuwa ni rejeta iliyoziba kwa sababu ya maji ya mfereji yasiyotiwa dawa. Yule fundi alimnyamazisha mgonjwa, hakumtibu.

Mzee yule hakuishia hapo. Alizunguka gari baada ya kuliendesha kidogo, akagusa kila rimu kwa kidole. Ya nyuma kushoto ilikuwa moto kuliko zote, maana breki yake haikuwa ikiachia. Akaonyesha vipaipu vya mpira vya hewa vilivyopasuka kwa uzee, na plagi nyeusi ti kwa masizi. "Gari hili linaenda kilomita sita kwa lita moja," alisema, "na ukilitia gesi leo, litakula gesi vivyo hivyo."

Tukamwomba basi atueleze gesi yenyewe. Hapa niliandika kwa makini, kwa kuwa maneno mengi ya mitaani juu ya jambo hili hayana kichwa wala miguu.

Gesi ya magari tunayoizungumzia Kenya, LPG, huletwa kwa meli hadi Mombasa. Usiichanganye na ile ya Dar es Salaam, ambako bajaji na teksi hutumia gesi asilia inayotoka Songo Songo kwa bomba. Ile hubanwa kwa shinikizo kubwa mno, mara 200 hivi ya shinikizo la hewa ya kawaida, na mitungi yake ni mizito. LPG hugeuka umajimaji kwa shinikizo dogo, lisilozidi mara 10 katika hali ya kawaida. Mtambo wa gesi moja haufai kwa nyingine.

Katika gari, gesi hutoka kwenye tangi ikiwa umajimaji, ikapita katika kifaa kinachoigeuza kuwa mvuke. Na kifaa hicho hupata joto lake wapi? Kutokana na maji ya injini! Kwa hiyo gari huwashwa kwa petroli kwanza, na likishapata joto ndipo hubadili. Gari lisilo na thamostati huchelewa kubadili, au kifaa hicho kikapata baridi hadi kuganda. Mjomba alinitazama, nami nikamtazama.

Kuna balaa jingine la Benzi za miaka hiyo. Ndani ya njia ya hewa mna sahani inayopima hewa inayoingia. Ukifungiwa mtambo wa gesi wa kizamani unaochanganya gesi na hewa mapema, moto ukirudi nyuma hulipuka humo humo na kuivunja sahani hiyo pamoja na makazi yake. Kwa hiyo anayebadili hana budi kutafuta mtambo wa kisasa unaonyunyiza gesi karibu na kila silinda, na huo ndio ghali.

Wako pia wanaotia mtungi wa jikoni ndani ya buti. Hao wanacheza na roho zao na za watoto wao. Mtungi wa jikoni hutoa mvuke juu, haukuundwa kufungwa ndani ya gari wala kugongwa. Tangi la gari lina vali ya kuzuia lisijazwe kupita asilimia 80, kwani umajimaji hupanuka kwa joto, na vali nyingine ya kupunguza shinikizo. Halafu gesi hii ni nzito kuliko hewa: ikivuja hutambaa chini na kutuama, hasa katika maegesho ya chini ya majengo. Nairobi haijasahau usiku wa Februari 1, 2024, gesi ilipolipuka Embakasi na kuwaua watu waliokuwa makwao. Nusa harufu ile kali, zima injini, fungua milango, usiguse swichi.

Tukaja kwenye hesabu, ambayo mkewe mjomba ndiye aliyeisubiri. Lita moja ya gesi ina nguvu kidogo kuliko ya petroli, hivyo gari hula kama asilimia 20 zaidi. Kilo moja ya gesi ni karibu lita 1.85, na mtungi wa kilo 13 unaoujua jikoni ni lita 24 tu. Chukua mfano wa petroli ya Sh180, karibu na bei ya Nairobi ya Oktoba 2024, na tuseme gesi ni Sh110 kwa lita na mtambo pamoja na kazi ni Sh100,000. Mjomba huenda kilomita 800 kwa mwezi. Gari likiwa zima, la kilomita 8.5 kwa lita, lingekula petroli ya Sh16,920. Kwa gesi, Sh12,430. Faida ni Sh4,490, na ingemchukua karibu miaka miwili kurudisha pesa za mtambo. Dereva wa teksi wa kilomita 3,000 kwa mwezi, kwa hesabu hiyo hiyo, angezirudisha kwa miezi sita.

Lakini kutoka kilomita 6 kwa lita hadi 8.5, bila gesi yoyote, kungemwokolea mjomba zaidi ya Sh7,000 kila mwezi.

Alichagua matengenezo. Rejeta ilizibuliwa, thamostati ikarudishwa, breki ikafunguliwa, mipira na plagi zikabadilishwa. Gharama yote haikufika robo ya bei ya mtambo wa gesi. Ilipofika mwezi wa pili, gari lilikuwa likienda kilomita nane na ushei kwa lita.

Mambo ya gesi hajayasahau, na bado humuuliza kila dereva wa teksi anayempata. Ila sasa ana kijitabu ndani ya gari ambamo huandika kila lita anayotia na kila kilomita anayokwenda. Mkewe hukikagua Jumapili jioni, akiwa na kalamu nyekundu.