Minara Miwili ya Shangani

Ukipotea kwenye vichochoro vya Mji Mkongwe, Unguja, mwenyeji atakuelekeza kwa Minara Miwili, awe Mwislamu au Mkristo. Hilo ndilo jina la mtaani la Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, lililojengwa mwishoni mwa karne ya 19 na mapadri Wafaransa wa Shirika la Roho Mtakatifu. Shirika lenyewe lilifika Unguja mwaka 1863, na mwaka 1868 likavuka bahari kufungua misheni ya Bagamoyo.

Zamani mabenchi ya kanisa yalijaa Wagoa, Wakatoliki wenye asili ya Goa, India: makarani, mafundi cherehani, waoka mikate, wapiga muziki wa bendi ya Sultani. Baada ya Mapinduzi ya 1964 wengi walihama. Leo wanaosali hapo wengi wana asili ya bara, nao ni walimu, wauguzi, askari na wafanyakazi wa hoteli. Si wakazi wa Shangani, mtaa lilipo kanisa. Huja kwa daladala kutoka Ng'ambo na mbali zaidi. Ndiyo maana Misa ikiisha hawaondoki upesi. Wanasimama nje na kuulizana habari za mgonjwa, za msiba, za mchango wa harusi. Mama mwenye kitenge cha WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, anafungua daftari la jumuiya, ananyoosha kidole kwenye jina la asiyeonekana wiki ya pili, na hapo hapo wanapangwa wa kwenda kumjulia hali. Kwa mtu aliye mbali na ukoo wake, huo ndio ukoo.

Na majirani Waislamu je? Mwezi wa Ramadhani Mkristo aliyelelewa Unguja hali hadharani mchana. Krismasi sahani ya pilau iliyofunikwa kawa huvuka kwa jirani, na Idi ikifika sahani hairudi tupu. Ujirani huu umepata jeraha: tarehe 17 Februari 2013 paroko wa Minara Miwili, Padri Evarist Mushi, aliuawa kwa risasi akienda kuadhimisha Misa ya Jumapili. Haifai kulificha. Kwangu mimi linaonyesha kwamba sahani ile ya pilau ni jambo zito, na anayeacha kuipeleka anaubomoa mji.

Msomaji, ukifika Unguja usiishie kuipiga picha minara kutoka paa la hoteli. Nenda Misa ya Jumapili, ujisitiri kwa heshima ya mji, kisha ubaki nje usalimiane na watu.