Nchi Inayokuuliza Unadaiwa na Nani

Kaka yangu wa Tanga amenitumia ujumbe wa sauti wa dakika nne kwenye WhatsApp. Dakika moja salamu, tatu karipio. Amesikia kwamba nina kadi mbili za mkopo na gari la mkopo. "Bwana mdogo, sisi hatukulelewa hivyo." Najua, Kaka, hatukulelewa hivyo. Naomba nijibu hapa mara moja, ili na wenzangu wenye kaka kama wangu wapate pa kuwaelekeza.

Nilipofika Columbus, Ohio, sikudaiwa hata senti. Nilinunua gari kuukuu kwa fedha taslimu, nikajiona mwanamume. Kisha nikaenda kuomba nyumba ya kupanga. Dada wa ofisini akaingiza namba zangu kwenye kompyuta, akatazama kioo, akanitazama mimi. Akasema sina kredi. Nikadhani ana maana kredi yangu ni mbaya. Hapana, sina kabisa. Nikamweleza kwa fahari kwamba ni kwa sababu sijawahi kukopa. Akanihurumia kama mtu aliyemwambia hajawahi kwenda shule, kisha akataka kodi ya miezi mitatu kwa mkupuo.

Kwa ambao hamjafika: huku kuna kampuni ambazo kazi yao ni kuangalia unavyokopa na unavyolipa, halafu unapewa alama kati ya 300 na 850. Alama hizo hutangulia kufika kila uendako. Ukilipa kwa wakati zinapanda. Ukiikamua kadi mpaka karibu na ukomo wake zinashuka, hata kama hujachelewa kulipa. Ukifunga kadi ya zamani ukidhani unajitakasa, zinaweza kushuka vilevile. Rafiki mmoja Mkenya alinipa dawa: chukua kadi, weka petroli, lipa mwisho wa mwezi, rudia. Mwaka mzima nikawa nakopa petroli ambayo fedha yake ninayo mfukoni! Kwetu mtu wa namna hiyo angeombewa dua. Huku alama zangu zikapanda.

Nilitaka kujua wazimu huu umetoka wapi, nikakuta kwamba nchi yenyewe ilianza bila kredi.

Mwaka 1790 Marekani ilikuwa imetoka kwenye vita vya uhuru na madeni mpaka shingoni. Serikali kuu ilidaiwa kama dola milioni 54, Wafaransa na Waholanzi wakiwa miongoni mwa wadai, na majimbo nayo yalikuwa na yao, kama milioni 25. Askari wengi walikuwa wamelipwa kwa hati za ahadi tu. Waziri wa Fedha wa kwanza alikuwa Alexander Hamilton, mzaliwa wa visiwa vya Karibea, mtu wa kuja kama mimi. Januari mwaka huo akapeleka mpango wake bungeni: hati zote zilipwe kwa thamani kamili, na madeni ya majimbo yabebwe na serikali kuu.

Hakuwa na haraka ya kulimaliza deni. Alichotaka ni riba ilipwe kila inapofika siku yake, kwa fedha za ushuru, mpaka dunia izoee kwamba karatasi ya Marekani ni mali. Tena matajiri wakiwa wanaidai serikali, wataitakia uzima. Anayekudai hukuombea uhai. Kaka, kwa zile laki tatu za mabati ninazokudai, mimi nakuombea kila siku.

Vita vya maneno vikaanza hapo. James Madison wa Virginia akasema askari wengi, kwa njaa, walikwisha kuuza hati zao kwa walanguzi kwa sehemu ndogo tu ya thamani. Sasa mlanguzi avune kila kitu? Akapendekeza mlanguzi apewe bei ya juu kabisa iliyofikiwa sokoni, kinachobaki kimrudie mwenye hati wa kwanza. Bunge la Wawakilishi likamkatalia, kura 36 kwa 13. Virginia nayo ilikuwa imeshalipa sehemu kubwa ya deni lake, ikauliza kwa nini ibebe la Massachusetts. Mambo hayo yakaja kuzungumzwa kwenye chakula, Juni 1790, nyumbani kwa Thomas Jefferson mjini New York: Hamilton apate kura za madeni yake, watu wa kusini wapate mji mkuu kando ya mto Potomac. Ndiyo sababu Washington iko pale ilipo.

Desemba mwaka huohuo wa 1790 Hamilton akataka benki ya taifa yenye mtaji wa dola milioni 10. Jefferson akasema Katiba haijatoa ruhusa ya kuanzisha benki. Hamilton akajibu kwamba Katiba ikikupa kazi imekupa na zana za kuifanyia. Rais George Washington akatia saini, na watu wakazidi kugawanyika: huku Wafederali wa Hamilton, kule Warepublican wa Jefferson (sio hawa wa leo), kila upande na gazeti lake la kumtukana mwenzake. Washington akaionya nchi juu ya vyama alipokuwa anaaga, mwaka 1796. Ilikuwa imeshachelewa.

Na huyo Jefferson aliyeogopa madeni ya taifa, mwenyewe alikufa mwaka 1826 akidaiwa zaidi ya dola 100,000. Januari iliyofuata, watumwa 130 wa shamba lake wakapigwa mnada ili kulilipa.

Hapa ningewaeleza ushuru wa wiski na wakulima wa Pennsylvania walioasi mwaka 1794, lakini binti yangu amenikatiza. Ana miaka 13, anajua nyimbo za ile tamthilia ya Hamilton toka mwanzo mpaka mwisho, nami nalaumu nyimbo hizo kwa yaliyotokea.

Mdogo wake wa miaka minane alikusanya majani ya uani Jumamosi mbili. Sikuwa na fedha taslimu (huku nani anatembea nazo?), nikamwandikia kikaratasi cha njano: Baba atalipa dola 5. Nikasahau. Jumapili binti akaja nacho mkononi. Alikinunua kwa mdogo wake kwa dola moja na pakiti ya pipi.

"Hiki si chako," nikamwambia.

"Anayekishika ndiye anayekudai, Baba."

Mama yao akacheka huko jikoni. Nami nikajiona mwenye hekima, nikahukumu kama Madison: dada dola 2, mdogo dola 3. Mdogo akaruka kwa furaha. Dada akapokea zake, akazikunja. "Sawa. Ila karatasi zako sinunui tena."

Jumamosi iliyopita majani yalikuwa yamejaa tena. Nikamwandikia mdogo kikaratasi kipya. Akaenda nacho moja kwa moja chumbani kwa dada yake, akarudi nacho vilevile. Akaiegemeza reki mlangoni.

"Nataka pesa kwanza, Baba."

Majani bado yako uani.